Programu za mashine za kupigia kura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uwazi na uwajibikaji

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wapigakura, mawakala wa vyama, wanahabari na yeyote anayetaka kujua kilichomo ndani ya mashine kabla ya kukubali hesabu yake. Msimamo wetu tunausema mapema: uchaguzi uache ushahidi ambao aliyeshindwa anaweza kuukagua mwenyewe, bila kuombwa aiamini programu, kampuni wala tume.

Programu ya mashine ya kura hufanya kazi gani?

Inaonyesha majina ya wagombea, inapokea chaguo la mpigakura, inalihifadhi, na kituo kikifungwa inajumlisha na kutoa matokeo. Kura ya karatasi inapohesabiwa, wakala wa chama huiona ikiinuliwa, husikia jina likisomwa na kuweka alama kwenye daftari lake. Mashine inayohifadhi kura ndani yake tu humwondolea wakala kazi hiyo yote. Hubaki kusubiri karatasi ya jumla itoke. Tunapodai uwazi wa programu, tunadai arudishiwe nafasi ya kuona.

Majibu haya yanahusu pia mashine zinazosoma karatasi zilizojazwa kwa mkono, pamoja na mitambo ya kutuma na kujumlisha matokeo. Zote zinaendeshwa na programu.

Naiamini kompyuta ya benki kwa fedha zangu. Kwa nini nisiiamini mashine ya kura?

Kwa sababu benki inakujua. Fedha zikihamishwa kimakosa utaona kwenye taarifa ya akaunti, utalalamika, na muamala utafuatiliwa hadi ilipotokea hitilafu. Kura ni siri. Ukishaipiga, isibaki rekodi yoyote inayounganisha jina lako na chaguo lako, la sivyo mnunuzi wa kura atadai aonyeshwe, na mwajiri mwenye vitisho naye atadai.

Kwa hiyo huwezi kwenda tume baada ya wiki moja ukasema kura yako ilihesabiwa vibaya. Hakuna wa kukuthibitishia wala wa kukukanusha. Ushahidi lazima utengenezwe wakati mpigakura bado amesimama mbele ya mashine na anaweza kusema "hapana, sikumchagua huyu". Ugumu wote wa mashine hizi unaanzia hapo.

Msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu, ukichapishwa, tatizo limekwisha?

La, ingawa tunaunga mkono uchapishwe, na tunasema hivyo bila kusita. Mwaka 2003 msimbo wa mashine za kampuni ya Diebold ya Marekani ulikutwa kwenye seva iliyoachwa wazi, na watafiti wa vyuo vikuu vya Johns Hopkins na Rice wakausoma. Walikuta ufunguo wa kusimbia data, yaani kuifunga isisomwe na wengine, umeandikwa ndani ya msimbo wenyewe, kwa hiyo aliyeupata kwenye mashine moja alikuwa nao kwa zote. Mashine hizo zilikuwa zimekwisha kutumika katika uchaguzi wa kweli. Uzembe wa aina hiyo hauishi muda mrefu mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Lakini msimbo chanzo ni maandishi anayosoma binadamu. Kinachotembea ndani ya mashine ni tafsiri yake katika lugha ya kompyuta. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa kuendesha kompyuta wa Unix, alieleza katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, iliyochapishwa mwaka 1984, jinsi kompaila, yaani programu inayofanya tafsiri hiyo, inavyoweza kupandikiza mlango wa siri ndani ya programu nyingine huku msimbo wa zote mbili ukionekana safi. Ukausoma mstari kwa mstari, usione kitu.

Kuna dawa ya kiasi. Programu hujengwa mbele ya mashahidi, kisha huchukuliwa hashi yake, mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika kabisa hata ikiguswa herufi moja ya programu. Ujenzi ukipangwa vizuri, mtu yeyote mwenye msimbo uleule atapata hashi ileile kwenye kompyuta yake. Basi waangalizi huonyeshwa hashi na kutia saini. Hapo muulize msimamizi swali moja: nani anaisoma hashi ya programu iliyomo ndani ya mashine? Kama ni mashine yenyewe inayoionyesha kwenye skrini yake, programu iliyochezewa itaonyesha hashi ya programu safi, na sherehe yote haijathibitisha kitu. Mkaguzi asome kumbukumbu ya mashine kwa kifaa chake mwenyewe.

Ndiyo maana wataalamu walihamisha swali. Mwaka 2006 Ronald Rivest na John Wack walipendekeza kipimo hiki: kosa au badiliko lisilogunduliwa ndani ya programu lisiweze kusababisha badiliko lisilogundulika katika matokeo. Programu inaweza kuwa mbovu. Uchaguzi usiwe mateka wake. Februari 2021 kipimo hicho kiliingizwa katika mwongozo wa taifa wa mashine za kura nchini Marekani.

Kampuni inasema programu yake ni siri ya biashara. Je, haina haki?

Ina haki ya kulindwa na sheria za hakimiliki. Haina haki ya kuwaficha wananchi jinsi mamlaka yao yanavyohesabiwa.

Katika uchaguzi wa Bunge la Marekani wa mwaka 2006, huko Sarasota, Florida, mashine za skrini zisizo na karatasi zilionyesha kwamba wapigakura wapatao 18,000 hawakuchagua mgombea yeyote wa ubunge, ingawa walipiga kura za nafasi nyingine. Mshindi aliongoza kwa kura 369. Aliyeshindwa aliiomba mahakama wataalamu wake waruhusiwe kuukagua msimbo, akanyimwa kwa hoja ya siri ya biashara. Uchunguzi wa serikali uliofuata haukuona kosa ndani ya programu, na wasomi wengi wakaelekeza lawama kwenye mpangilio wa majina kwenye skrini. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini karatasi ya kurejea haikuwepo, na yule aliyekuwa na kila sababu ya kuuliza ndiye aliyefungiwa mlango.

Kuanika msimbo si kuwasaidia wadukuzi?

Mdukuzi wa kweli hangoji kuruhusiwa. Mapema mwaka 2019 Posta ya Uswisi iliruhusu msimbo wa mfumo wake wa kura za mtandaoni usomwe, na mwezi Machi Sarah Jamie Lewis, Olivier Pereira na Vanessa Teague wakatangaza kasoro iliyowezesha kura kubadilishwa huku mfumo ukitoa uthibitisho unaoonekana sahihi. Kasoro hiyo ilikuwemo tayari. Bila kufunguliwa, ingeendelea kuwemo.

Mji wa Washington ulifanya vyema zaidi mwaka 2010: kabla ya kutumia mfumo wake wa intaneti, uliwaalika watu waujaribu. Timu ya Chuo Kikuu cha Michigan iliudhibiti wote ndani ya saa 48, na mfumo haukutumika kupokea kura kwa njia hiyo.

Mashine haina intaneti. Si inatosha?

Haitoshi. Majina ya wagombea huingia kwa kadi ya kumbukumbu kabla ya kila uchaguzi, na kadi hiyo imetoka kwenye kompyuta nyingine. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba mtu aliyeachwa na mashine ya Diebold kwa dakika moja tu angeweza kuweka programu ya kuiba kura, na kwamba programu hiyo ingeweza kusambaa kutoka mashine hadi mashine kupitia kadi hizohizo.

Mbona mnazungumzia wizi tu? Makosa ya kawaida je?

Makosa ya kawaida ndiyo mengi, na uwazi unahitajika kwayo vilevile.

Mei 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alionekana kupata kura 4,096 zaidi ya zile alizostahili. Itazame namba hiyo. Ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 12, ile nyongeza hasa inayotokea biti moja (tarakimu ndogo kabisa, sifuri au moja) katika kumbukumbu ya kompyuta ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja. Msimbo haukuonyesha kosa, na wataalamu walihitimisha kwamba huenda biti iligeuka yenyewe. Jambo lililookoa hesabu ni kwamba mgombea alikuwa na kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Kama ingegeuka biti ya nafasi ya chini, zikaongezeka kura 64, nani angeshtuka?

Novemba 2019 katika kaunti ya Northampton, Pennsylvania, mashine mpya zilimpa mgombea ujaji kura 164 kati ya takriban 55,000. Kila mtu aliona haiwezekani. Mashine zilikuwa zimechapisha karatasi, karatasi zikahesabiwa usiku uleule, na ikabainika kwamba mgombea huyo ndiye aliyeshinda. Tofauti kati ya Northampton na Sarasota ni ile karatasi.

Karatasi yoyote inafaa?

Hapana. Inayofaa ni ile ambayo mpigakura ameiona kwa macho yake, inayobaki ndani ya sanduku, na ambayo sheria inaitambua kuwa ndiyo kura yenyewe pale inapotofautiana na mashine. Risiti ya kwenda nayo nyumbani yenye jina la mgombea ni hatari, maana inafungua soko la kununua kura.

Jihadhari pia na karatasi yenye msimbo wa QR, ule mraba wa vidoti unaosomwa na mashine. Baadhi ya mashine huchapisha majina kwa maandishi na chini yake QR, halafu kihesabu kinasoma QR. Mpigakura anahakiki kitu kimoja, mashine inahesabu kingine. Ukaguzi wa baadaye lazima usome maandishi.

Tena watu hawahakiki kama tunavyodhani. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Michigan lililochapishwa mwaka 2020, mashine zilibadilisha kwa makusudi chaguo moja kwenye kila karatasi. Wapigakura ambao hawakupewa maelekezo ya ziada walioripoti kosa walikuwa chini ya asilimia 7. Kwa maoni yetu, anayeweza kujaza karatasi kwa mkono ajaze kwa mkono, na mashine ya kuchapisha ibaki kwa wenye ulemavu na wengine wanaoihitaji. Nao wana haki ileile ya kuhakiki, kwa sauti au kwa maandishi makubwa.

Ukaguzi wa karatasi unafanyikaje bila kuhesabu zote upya?

Upo ukaguzi wenye ukomo wa hatari, yaani unaowekea kikomo uwezekano wa kupitisha matokeo yasiyo sahihi, uliobuniwa na mtakwimu Philip Stark. Jimbo la Colorado liliutumia kwa uchaguzi wa jimbo zima kwa mara ya kwanza Novemba 2017.

Matokeo ya mashine yakishawekwa wazi, watu hukusanyika hadharani na kurusha dadu zenye pande kumi. Kila mrusho unatoa tarakimu moja, zinaandikwa hadi zifike ishirini, na namba hiyo ndefu huingizwa katika kanuni inayojulikana na wote ili kuchagua karatasi za kukaguliwa. Hakuna aliyeijua namba kabla ya dadu kutulia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuandaa karatasi "nzuri". Maofisa hufungua sanduku fulani, huhesabu hadi karatasi ya namba fulani, huisoma, kisha huilinganisha na jinsi mashine ilivyoirekodi.

Idadi inategemea tofauti ya kura. Mshindi akiongoza kwa asilimia 10, na tukitaka uwezekano wa kupitisha matokeo yasiyo sahihi usizidi asilimia 5, karatasi 60 na ushee zinatosha ikiwa zote zinalingana na rekodi. Akiongoza kwa asilimia 1, zinahitajika kama 600. Zikianza kutofautiana, sampuli inaongezwa, na mwisho wake ni kuhesabu zote kwa mkono. Sharti ni moja: masanduku yawe yamelindwa kwa lakiri na kumbukumbu za makabidhiano tangu kituoni. Karatasi isiyojulikana ililala wapi haithibitishi chochote.

Brazili haina karatasi za kura na bado inafanya uchaguzi. Mnasemaje?

Brazili imetumia mashine tangu mwaka 1996, na ina mengi ya kuigwa. Mashine huchapisha taarifa ya sifuri, inayoonyesha kwamba haina kura yoyote ndani, kabla ya kura ya kwanza, na kituo kikifungwa huchapisha matokeo yanayobandikwa hapohapo, hivyo chama chochote kinaweza kujumlisha chenyewe. Wataalamu wa nje nao hualikwa kuishambulia mashine katika majaribio ya wazi.

Katika majaribio ya mwaka 2012, timu ya Diego Aranha ilikuta jambo la kushtua. Ili kulinda siri, mashine iliyachanganya mafungu ya kura kwa mpangilio wa nasibu. Lakini nasibu hiyo ilianzia kwenye saa ya mashine, na saa hiyo ilichapishwa kwenye ile taarifa ya sifuri. Mwenye taarifa mkononi aliweza kurudisha kura katika mfuatano zilivyopigwa, na mwenye kujua nani alitangulia kwenye foleni angejua nani alimpigia nani. Kosa lilirekebishwa kwa sababu watu waliruhusiwa kutazama.

Pengo lililobaki ni kubwa: karatasi ya kituo inathibitisha mashine ilisema nini, si mpigakura alichagua nini. Kwa hilo Brazili bado inawaomba watu waiamini programu.

Mahakama zimesema nini?

Uamuzi tunaourejea mara nyingi ni wa Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, Machi 3, 2009. Ilisema mashine zilizotumika katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 2005 zilikiuka katiba, kwa sababu mwananchi lazima aweze kukagua hatua muhimu za kupiga na kuhesabu kura bila kuwa na ujuzi maalumu wa kitaalamu. Tunakubaliana na kila neno la kanuni hiyo. Ukaguzi unaowezwa na mainjinia kumi pekee ni ahadi ya mainjinia kumi.

Namibia ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kutumia mashine hizi katika uchaguzi wa taifa, mwaka 2014. Februari 2020 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba kuzitumia bila ushahidi wa karatasi kulikuwa kinyume cha katiba, ingawa haikufuta uchaguzi uliokwishafanyika.

India nayo ilisukumwa na mahakama mwaka 2013 kuongeza karatasi inayoonekana nyuma ya kioo. Aprili 2024 Mahakama ya Juu ilikataa ombi la kulinganisha karatasi zote na hesabu ya mashine, lakini ikawapa wagombea wa nafasi ya pili na ya tatu haki ya kuomba asilimia 5 ya mashine zichunguzwe. Sisi tungependa sampuli ipatikane kwa bahati nasibu, bila kungoja mgombea aombe na alipie.

Kura ikipigwa kwa karatasi lakini matokeo yakatumwa kwa mtambo, uwazi wa programu bado unahusika?

Unahusika sana. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais, na moja ya mambo yaliyoisukuma ni kwamba tume haikutekeleza kikamilifu amri ya kufungua seva zake zikaguliwe. Mwaka 2022 tume iliweka picha za Fomu 34A, fomu za matokeo ya kila kituo, za karibu vituo vyote 46,229 mahali ambapo kila mtu angeweza kuzipakua, na watu wakajumlisha wenyewe. Malalamiko hayakwisha, lakini safari hii yalijadiliwa yakiwa na fomu mkononi.

Venezuela, Julai 2024, ilionyesha upande wa pili. Mashine za huko huchapisha fomu ya kila kituo, na mawakala wa upinzani wakakusanya na kuchapisha fomu za zaidi ya asilimia 80 ya vituo. Baraza la uchaguzi lilitangaza mshindi bila kutoa hesabu za kituo kwa kituo. Fomu zilizokusanywa zilimpa ushindi mgombea mwingine.

Nani anawajibika mashine ikikosea?

Tume. Inaweza kununua mashine, lakini haiwezi kuikabidhi kampuni dhamana yake, na kauli ya "tumewauliza watengenezaji" si jibu kwa mwananchi. Yote haya huamuliwa kwenye mkataba, miezi mingi kabla ya kura ya kwanza, na ndipo mambo mengi huharibika kwa sababu hakuna anayeutazama. Mkataba uchapishwe. Useme kwamba msimbo utakaguliwa na wataalamu wasiolipwa na kampuni na ripoti yao itolewe nzima. Kwamba kampuni itatangaza kila hitilafu ndani ya muda uliowekwa na kulipa fidia ikificha. Kwamba kumbukumbu za mashine ni mali ya umma na zitahifadhiwa hadi kesi zote ziishe. Watafiti wanaofichua kasoro nao walindwe. Nchini India, mmoja wa waliotangaza udhaifu wa mashine alikamatwa Agosti 2010, na wengine wenye la kusema wakaona.

Maswali haya hayawapi nguvu wanaokataa matokeo hata yakiwa halali?

Wanaokataa bila ushahidi hujibiwa kwa ushahidi. Mwaka 2020 jimbo la Georgia, Marekani, lilihesabu upya kwa mkono karatasi karibu milioni 5 za kura za rais baada ya madai kwamba mashine zimechezewa. Mshindi alibaki yuleyule. Mwaka huohuo kaunti ya Antrim, Michigan, ilitangaza mwanzoni hesabu zilizokosewa kwa uzembe wa maofisa katika kuandaa mashine, na kuhesabu kwa mkono kukathibitisha hesabu zilizosahihishwa. Bila karatasi, tume za huko zingebaki na kiapo tu.

Mimi si mtaalamu. Niulize nini kabla ya uchaguzi?

Anza na haya, na uyaulize kwa maandishi. Karatasi ya kura itakuwepo, na ikitofautiana na mashine ipi itashinda kisheria? Nani atachagua karatasi za kukaguliwa, kwa njia gani, na ukaguzi utakamilika kabla ya mshindi kutangazwa rasmi au baada yake? Fomu ya kila kituo itabandikwa na kuchapishwa usiku uleule? Ripoti ya ukaguzi wa msimbo iko wapi?

Siku ya kura, ukipewa karatasi iliyochapishwa na mashine, isome yote kabla ya kuiingiza sandukuni. Ikiwa na kosa, mwambie msimamizi papo hapo na udai tukio liandikwe kwenye kitabu cha kituo, hata akikuambia labda ulibonyeza vibaya. Kituo kikifungwa, piga picha ya fomu iliyobandikwa pale sheria inaporuhusu, na uilinganishe na ile itakayotangazwa.